Kutibu homa ya ini C kwa mtu anayeishi na VVU: maana yake nini?

Anayeishi na VVU akikutwa pia na kirusi cha homa ya ini C, huambiwa ana maambukizi pacha. Wasiwasi unaofuata ni kama dawa za ini zitafanya kazi kwenye mwili ambao kinga yake imeshatikiswa. Zinafanya kazi. Kwa dawa za sasa, zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaomaliza dozi hupona, na kuwa na VVU hakupunguzi sana nafasi hiyo.

Tena ni kupona kabisa, si kufubaza. VVU huingiza nakala yake ndani ya vinasaba vya chembe za kinga na kujificha humo, ndiyo maana ARV hunywewa maisha yote. Kirusi cha homa ya ini C hakina maficho ya namna hiyo. Kinaishi kwa kuzaliana mfululizo ndani ya chembe za ini, na uzazi huo ukizuiwa wiki za kutosha, kinakwisha. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kumaliza ugonjwa mmoja kwa vidonge vya wiki 8 au 12, huku akiendelea na vidonge vya ule mwingine bila kikomo.

Zamani haikuwa hivi, na nadhani hofu nyingi zinazosikika hadi leo zimebaki kutoka enzi hizo. Tiba ilikuwa sindano za interferoni pamoja na vidonge vya ribavirini, mara nyingi kwa wiki 48, zikiambatana na homa, upungufu wa damu na hata sonona. Baada ya mateso yote hayo, wenye VVU waliopona hawakufika nusu. Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 2013, sofosibuviri ilipoidhinishwa Marekani, kisha zikafuata dawa nyingine zinazokishambulia kirusi moja kwa moja.

Kusubiri hakufai, kwa sababu VVU huharakisha makovu ya ini. Safari ya kufikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, ambayo kwa wengine huchukua miongo, hufupika, hasa CD4, chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikiwa chini. ARV hupunguza kasi hiyo lakini haziiondoi.

Kabla ya dawa kuna vipimo. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, huonyesha tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Wapo ambao miili yao ilikiondoa yenyewe, na kingamwili zikabaki. Kinachothibitisha ugonjwa uliopo ni kipimo cha kirusi chenyewe kwenye damu. Kwa mwenye CD4 za chini sana, kipimo cha kingamwili kinaweza hata kusema hakuna kitu wakati kirusi kipo. Lazima pia apimwe homa ya ini B, kwa kuwa kirusi C kikiondolewa, B iliyokuwa imetulia inaweza kuamka. Tenofoviri iliyomo kwenye ARV nyingi huidhibiti B pia, hivyo kuiacha kiholela ni hatari maradufu.

Ugumu halisi wa tiba hii uko kwenye kupatanisha dawa. Mfano mzuri ni mseto wa sofosibuviri na velpatasiviri, unaotibu aina zote kuu za kirusi hiki. Ukinywewa na mtu anayetumia ARV ya dolutegraviri, hakuna shida. Akiwa anatumia ARV ya efavirenzi, kiasi cha velpatasiviri kwenye damu hushuka kwa karibu nusu, kwa hiyo hubadilishiwa ARV kwanza. Akiwa na tenofoviri ya aina ya zamani (TDF), mseto huo huipandisha kwenye damu, basi figo hufuatiliwa. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa hazichanganywi nao kabisa. Hata omeprazoli, ambayo watu hujinunulia kwa ajili ya kiungulia, huupunguza nguvu. Mtajie daktari kila unachomeza, mitishamba ikiwemo. ARV hazisimamishwi kupisha dawa za ini. Kwa ambaye hajaanza ARV na CD4 zake ziko chini, kwa kawaida huanza nazo, mwili utulie, ndipo homa ya ini itibiwe.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho hupimwa tena kirusi. Kisipoonekana, amepona. Asishtuke kipimo cha kingamwili kikiendelea kusoma chanya, kitabaki hivyo. Ila kingamwili hizo hazilindi, na chanjo haijapatikana, kwa hiyo anaweza kuambukizwa upya kwa sindano za kuchangia au ngono yenye michubuko na damu. Aliyekwishapata sirosisi huendelea na altrasaundi ya ini kila miezi sita hata baada ya kupona, kwa kuwa uwezekano wa saratani hupungua lakini hauishi.