"Alinikaba tu": maswali ninayoulizwa nikifunga vidonda

Nesi, nimekuja kushonwa. Mbona unaniuliza habari za mume wangu?

Kushona nitakushona. Ila nataka kujua kama atarudia, na kama safari ijayo utafika hapa ukiwa hai. Hayo maswali ni kipimo, kama presha. Muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga orodha yake katika miaka ya 1980, na leo ina maswali 20. Kipigo kimezidi mwaka huu? Ana silaha? Ametishia kukuua? Alikupiga ukiwa mjamzito? Anakufuatilia kila uendako? Kadiri "ndiyo" zinavyoongezeka, ndivyo hatari inavyopanda.

Ameomba radhi mbele ya wazee. Haitoshi?

Haitoshi. Tunapima alichokwisha kufanya. Machozi ya kikaoni hayapimiki. "Shetani alimpitia" nimeisikia mara tatu kwa mama mmoja, kila mara na jeraha jipya. Shetani gani huyo anayejua tarehe ya mshahara?

Alinikaba tu, hata alama hakuna. Na hilo linahesabiwa?

Hilo ndilo la kwanza! Mama, liondoe hilo neno "tu". Koo likibanwa, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Shingo inaweza kubaki safi kabisa huku ndani mshipa umejeruhiwa. Kiharusi kikaja baada ya saa kadhaa, hata siku. Sauti imekauka, unameza kwa shida, ulijikojolea, hukumbuki kilichotokea? Njoo leo, usingoje kesho. Na utafiti wa Marekani uliotolewa 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari ya kuuawa naye takriban mara saba zaidi.

Hata kama alinikaba mara moja, na ni zamani?

Hata mara moja. Hata zamani. Hata kama alisema anatania.

Ni pombe. Asipokunywa ni mtu mwema.

Pombe inaongeza hatari, kweli. Lakini mbona akilewa hampigi mwenye baa?

Basi nikiondoka yataisha?

Polepole hapo. Siku za kuondoka na miezi inayofuata ndizo za hatari kubwa, kwa hiyo usimtangazie. Vitambulisho, nauli na kadi za kliniki za watoto viweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo.

Na wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe?

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imekataa: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utapewa hukohuko. Kama hali ni mbaya, anza hospitali.

Na ukifika, hata kama umeletwa na mkono uliovunjika, mwambie daktari waziwazi: "Amenikaba." Usipolisema, ataangalia mkono.