Gari ya stima: yale tunaambiana na vile mambo yalivyo

Taja tu gari ya stima hapa Nairobi, cha kwanza utaambiwa ni betri, eti miaka mitatu imekufa kama ya simu na mpya ni bei ya gari nzima. Si hivyo. Betri ya gari haizimiki siku moja, inapungua polepole miaka na miaka. Ila kuna wanaoteleza upande ule mwingine, wakisikia betri hudumu wanakimbilia Nissan Leaf yoyote bora iwe rahisi, na hapo ndipo watu huumia, kwa sababu zile za kwanza zilikuja na betri ya 24 kWh (yaani inabeba uniti 24 za stima) na Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu, kwa hivyo iliyoishi kwa joto imechoka zaidi. Ya 24 ikibaki na asilimia 70 unapata labda kilomita 110, ndio basi.

Muuzaji atakuonyesha dashibodi, "ona, vimstari vyote 12 viko!" Sawa, lakini angalia vile vidogo vya pembeni, vile vikubwa ni chaji tu. Na kile cha kwanza hakipotei mpaka betri ishuke karibu asilimia 15, kwa hivyo hata 12 si ushahidi. Kuna apu inaitwa LeafSpy, unachomeka kakifaa chini ya usukani na simu inakusomea afya ya betri. Muuzaji akikataa, nenda zako.

Eti tokeni zitakumaliza? Leaf hula kama uniti 15 kwa kilomita 100. Weka uniti shilingi 30, hiyo ni 450. Vitz ya kilomita 15 kwa lita itataka karibu lita 7, zidisha mwenyewe na bei ya petroli ya leo.

Mvua nayo haina shida, betri imezibwa, na chaja haiachilii stima mpaka iwasiliane na gari kwanza. Sevisi ipo, hakuna oili ya injini wala plagi, lakini tairi, bushi na ile betri ndogo ya volti 12 ziko palepale. Na wale wa "stima yenyewe inatoka kwa mafuta" waende Olkaria waone mvuke unaotoka ardhini, sehemu kubwa ya stima ya Kenya ni ya mvuke, maji na upepo.

Kile watu hawaulizi ni gari italala wapi. Kwa soketi ya kawaida, betri ya 40 kWh kutoka sufuri inamaliza saa 16 na zaidi, na ukitumia ekstensheni nyembamba plagi inachemka hadi plastiki inanukia. Ukiwa na kwako na fundi wa stima mzuri, hamia gari ya stima. Ukiwa ghorofa ya nne na paking ni ya kugombania, ongea kwanza na mwenye nyumba kuhusu soketi na submita yako, kabla hujatuma hata senti Japani.