"Jinai haiozi": kauli iliyonichosha

Wiki hii nimeambiwa tena: "Wakili, jinai haiozi." Safari hii aliyeniambia ni mtu mwenye shahada ya sheria, na tulikuwa tunamzungumzia mteja wangu aliyekamatwa kwa kosa dogo la barabarani la miaka tisa iliyopita. Basi niandike.

Jinai kubwa haiozi, sawa. Ujerumani kosa la mauaji halina ukomo wa muda, na sina ugomvi na hilo. Lakini makosa madogo yanaoza, na ni sheria yenyewe inayosema hivyo. Uingereza, makosa ya ngazi ya chini kabisa yasipofunguliwa mashtaka ndani ya miezi 6, kwa kawaida yamekwisha. Ufaransa ni mwaka 1. Kenya, kifungu cha 219 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinatoa miezi 12 kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6 au faini ya shilingi 1,000, isipokuwa pale sheria ilipotoa muda mrefu zaidi. Ukomo uliwekwa kwa sababu mashahidi husahau na vielelezo hupotea.

Sasa linakuja jambo ambalo hata mawakili wenzangu wanalichanganya. Ukomo ni wa kufungua mashtaka tu. Shauri likishafunguliwa na mshtakiwa asifike, hakimu anatoa hati ya kukamatwa, na hati hiyo kwa kawaida haina mwisho. Inakaa kwenye jalada ikimngoja mtu. Kwa hiyo kilichomkamatisha mteja wangu ni kutofika siku aliyoitwa, kwa samansi iliyopelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Kosa lenyewe lingeishia kwenye faini. Badala yake amelala mahabusu siku mbili. Nilimkuta ameshikilia suruali kwa mkono. Mkanda walishauchukua, na kamba za viatu pia. Nilipoomba kuiona hati, mhuri ulikuwa umefifia na jina la askari aliyekuwa shahidi pekee halisomeki.

Na haya si ya mtu mmoja. Ferguson, Missouri, ni mji uliokuwa na watu kama 21,000. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya 2015 ilikuta zaidi ya watu 16,000, baadhi yao wakitoka nje ya mji, wana hati za kukamatwa zilizotolewa na mahakama ya hapo, nyingi zikianzia kwenye makosa madogo, ya barabarani yakiwemo. Hati zikifika wingi huo, mtu anaogopa hata kumwita polisi anapoibiwa.

Ninachotaka ni kidogo: kosa likiwa la faini, mtu apelekewe samansi mpya kwanza, na polisi wathibitishe kwamba imemfikia. Pingu zije baada ya hapo, kama atakaidi.

Shaka ninayo, sifichi. Dogo kwa nani? Niliwahi kumsimamia fundi umeme aliyeibiwa sanduku la vifaa. Kwenye karatasi ni wizi mdogo. Miaka minne baadaye alinitajia kifaa kimoja kimoja, mpaka idadi ya bisibisi na rangi ya mipini yake, na alitaka kujua kwa nini mwizi wake, anayejulikana jina, hajawahi kutafutwa. Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo sijapata jibu la kumpelekea.