Kioo cha kompyuta kinanimulika, macho yanauma: maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni kupima macho, Dar es Salaam. Wanaokuja wakilalamikia kompyuta wamekuwa wengi, na wengi wao wana kachupa ka dawa ya macho mfukoni. Nitaanza na vioo kama mnavyopenda kuuliza, ila hako kachupa ndiko kalikonifanya niandike.

Kioo cha kung'aa na kisichong'aa vina tofauti gani?

Cha kung'aa uso wake ni laini kabisa. Mwanga ukikipiga unarudi kama ulivyokuja, kwa hiyo dirisha, taa na shati lako jeupe vyote unaviona juu ya maandishi. Kioo cha kawaida kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia. Inaonekana ndogo, lakini dirisha la saa saba mchana ni kali kiasi kwamba hiyo 4 inatosha kufifisha herufi. Kisichong'aa uso wake umeparuzwa kidogo mno; mwanga ukifika hutawanyika, unabaki na weupe hafifu tu. Rangi zake hupoa kidogo na weusi haukolei sana.

Dukani nitavijuaje?

Mwambie muuzaji aizime mashine, kisha itazame. Ukijiona hadi ndevu, hicho ni cha kung'aa. Kompyuta za kugusa kwa kidole karibu zote ziko hivyo. Kwa anayeshinda kwenye maandishi na hesabu karibu na mlango au dirisha, namshauri achukue kisichong'aa. Anayehariri picha kwenye chumba chenye pazia achukue cha kung'aa, atakifurahia. Muuzaji atakusifia rangi. Hatakuuliza unakaa upande gani wa dirisha.

Tayari ninayo ya kung'aa. Nibadilishe?

Badilisha meza kwanza. Ingia steshenari yoyote ya mtaani: meza imebanwa ukutani, anayechapa kaupa mlango mgongo, na barabara yote imo ndani ya kioo chake, bodaboda, jua, na bati jipya la duka la ng'ambo. Ikifika saa tisa anapandisha mwanga wa kioo hadi mwisho na kutoa shingo mbele kama kobe. Jioni analalamika kichwa na mabega, lawama zote kwa kompyuta. Igeuze meza robo, dirisha liwe ubavuni mwako. Lisiwe mgongoni, wala lisiwe nyuma ya kompyuta ukalitazama uso kwa uso. Kioo kiwe umbali wa sentimita 50 hadi 70, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Kama meza haigeuki, nunua filamu ya kubandika isiyong'aa. Inapunguza ukali wa picha kidogo, lakini inasaidia.

Huo mng'ao unaharibu macho?

Hapana. Unayachosha. Ukikazia herufi zilizofifia unasahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya kioo inaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo. Jicho linakauka, linawasha, linakuwa kama lina mchanga, kisha linatoa machozi. Feni inayokupulizia usoni inazidisha. Tiba yake ni kupepesa, kugeuza feni, na kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Ukipumzika usiku kucha na asubuhi ukaamka salama, ulikuwa uchovu.

Duka la dawa walinipa matone. Nikiweka tu, wekundu unaondoka. Ubaya uko wapi?

Ubaya uko hapo hapo, kwenye huo wepesi wa kuondoka. Soma boksi. Ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, umepewa dawa ya jamii ya steroidi. Inatuliza wekundu na muwasho haraka, ndiyo maana unaipenda na ndiyo maana unarudi kununua. Kwa baadhi ya watu, ikitumika wiki kadhaa, inapandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo kwa kawaida haiumi. Jicho linaonekana jeupe, safi, umefurahi, huku mshipa wa fahamu wa jicho unakufa polepole. Hiyo ndiyo glakoma, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Si kwa miwani, si kwa upasuaji, si kwa maombi ya mkesha. Ikitumika muda mrefu inaleta pia mtoto wa jicho. Na kama wekundu ule ulitokana na fangasi au virusi, umevipa nafasi ya kuzaliana.

Nasema tena: usiweke jichoni tone ulilopewa bila kupimwa. Hata kama jirani lilimsaidia. Hata kama chupa ni ile uliyoandikiwa mwaka jana.

Lakini dokta, mimi najua ni kompyuta tu. Nipime nini?

Hapo ndipo tunapopoteza macho ya watu. "Ni kompyuta tu" nimeisikia kwa mwenye mtoto wa jicho, ambaye mwanga ulimsumbua kwa sababu lenzi yake mwenyewe ilishakuwa na ukungu na inautawanya. Nimeisikia kwa mwenye glakoma iliyokwishakula uoni wa pembeni. Katikati anaona vizuri, anasoma ujumbe wa simu, basi anajiona mzima. Kama wewe na mwenzako mnakaa mbele ya kioo kimoja, dirisha moja, yeye hana shida na wewe mwanga unakuchoma kila mwezi zaidi ya uliopita, tatizo liko kwenye jicho lako. Njoo upimwe, na uje sasa. Usisubiri Januari, wala likizo, wala kubadilisha kompyuta kwanza uone kama itasaidia. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata glakoma ana sababu zaidi ya kufika, kwa sababu ugonjwa huu kwetu Waafrika huwapata watu wengi zaidi na mapema zaidi.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu je?

Okoa hela yako. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida.

Nina miaka 44, nimenunua miwani ya kusomea kwa mmachinga. Mbona kwenye kompyuta bado naona ukungu?

Kwa sababu miwani ya kusomea kwa kawaida hulengwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na kompyuta iko mbali zaidi. Ndiyo maana unaisogelea. Pima na mwambie mpimaji unafanya kazi umbali gani. Na ukiwa pale, omba upimwe presha ya macho. Usitoke bila hiyo.

Dalili gani zisizosubiri hata kesho?

Jicho jekundu lenye maumivu. Uoni kupungua ghafla. Kuona duara za rangi kuzunguka taa huku kichwa kinagonga na unataka kutapika. Pazia jeusi linaloingia kutoka pembeni, au vimulimuli vipya. Kushindwa kabisa kufumbua jicho kwenye mwanga. Hizi zinakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Duka la dawa si mahali pake.

Nimeshatumia hayo matone zaidi ya mwezi. Niache leo?

Njoo leo. Kuacha, kupunguza au kubadilisha tutaamua baada ya kupima presha na kuliangalia jicho kwa darubini, maana wengine wakikatisha ghafla wekundu unarudi kwa nguvu, wanakimbilia chupa nyingine. Njoo na chupa hiyo hiyo, hata kama imeisha, na boksi lake kama hujalitupa. "Ile ya kifuniko cheupe" hainisaidii. Karibu zote zina kifuniko cheupe.