Ng'oeni hilo jino

Jana mgonjwa wangu mwenye vali bandia ya moyo (mlango wa damu wa kutengenezwa) kanieleza kwamba amekaa na jino bovu mwaka mzima, kwa kuwa aliambiwa akiling'oa bakteria watamkimbilia moyoni na kumletea endokarditisi, yaani maambukizi ya vali na utando wa ndani wa moyo. Shavu limemvimba, ufizi unatoa usaha, naye anaamini anaulinda moyo wake. Nimechoka kusikia hili.

Hao bakteria wa kinywani, streptokoki, hawangoji koleo la daktari. Ufizi ukiwa mbovu, wanaingia kwenye damu ukitafuna, wanaingia ukipiga mswaki. Kung'oa jino ni mara moja. Mswaki asubuhi na jioni ni zaidi ya mara 700 kwa mwaka. Na tafadhali, asije mtu akasema basi tuache mswaki! Kinachofungua mlango ni ukoga ulioachwa ukaganda mpaka ufizi ukawa unavuja damu.

Moyo usio na kasoro kwa kawaida hauna shida nao, mwili unawasafisha upesi. Vali iliyoharibika au ya bandia ndiyo inayowapa pa kushika: chembe sahani na faibrini (chembe na nyuzi zinazogandisha damu) zikiganda juu yake, bakteria wananasa humo na kujifukia, chembe nyeupe haziwafikii vizuri. Ndiyo maana tunatibu kwa wiki nyingi, kwa sindano.

Antibayotiki kabla ya kung'oa? Si kwa kila mwenye moyo unaonguruma, yaani unaotoa sauti isiyo ya kawaida ukisikilizwa. Tangu 2007 Wamarekani wanawapa walio hatarini zaidi tu, wakiwemo wenye vali bandia, waliowahi kuugua ugonjwa huu, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Uingereza mwaka 2008 ikashauri wasipewe hata hao, kisha 2016 ikalegeza kidogo. Wataalamu wanavutana hivi kwa sababu hakuna jaribio la kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu lililowahi kuthibitisha kwamba dozi hiyo inakinga. Mimi naitoa, maana dozi moja ina madhara machache na ugonjwa wenyewe unaua. Lakini siwezi kuapa kwamba imewahi kumwokoa mgonjwa wangu hata mmoja.

Nisichokuwa na shaka nacho ni hiki: mwenye vali bandia akipata homa isiyoeleweka, asimeze antibayotiki kabla ya kutolewa damu ya kuotesha maabara ili bakteria waonekane. Vidonge viwili vya kubahatisha vinatosha kutuficha mdudu, na tukabaki kutibu gizani.

Yule wa jana anang'olewa Alhamisi. Amoksilini gramu 2, saa moja kabla.