Minara Iliyochapwa Kabla Haijajengwa

Chukua chapa, yaani picha iliyochapwa karatasini kwa bamba la kuchongwa, ya Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani, iliyotoka miaka ya 1820. Minara miwili imechongoka hadi juu, kila ua la jiwe liko mahali pake. Anayeiona hunena papo hapo: "Kumbe hivi ndivyo lilivyokuwa zamani!"

Dhana: Chapa inaonyesha jengo lilivyokuwa mwaka ilipochapwa.

Miaka hiyo minara haikuwepo. Ujenzi ulianza 1248, ukakwama katika karne ya 16, na mnara wa kusini ukabaki kigutu cha mita kama 56. Juu yake ilisimama winchi ya mbao, ikakaa huko karne kwa karne hadi ikawa alama ya mji. Picha za kamera za miaka ya 1850 bado zinaionyesha. Iliteremshwa 1868, na minara ikakamilika 1880 kwa kimo cha mita 157.

Aliyezitoa chapa hizo, Sulpiz Boisserée, hakumdanganya mtu. Kichwa cha kazi yake kinatamka wazi kwamba sehemu zilizokosekana zimejalizwa kwa kufuata mpango wa fundi wa mwanzo. Karatasi moja ikichomolewa katika seti na kutiwa fremu, maneno hayo hayaendi nayo.

Dhana: Basi ni ndoto ya msanii tu.

Hili linaniuma kuliko lile la kwanza, maana linaifuta kazi ya miaka mingi. Boisserée alianza kulipima kanisa hilo 1808. Kisha ukajitokeza mchoro wa enzi za kati wa uso wa magharibi, uliochorwa kwenye ngozi, wenye kimo cha zaidi ya mita 4. Nusu yake ilipatikana Darmstadt 1814, nusu ya pili Paris 1816. Minara unayoiona kwenye chapa imetoka humo. Tena chapa zenyewe zilisaidia kuwashawishi watu kwamba jengo linaweza kumalizwa. Mwaka 1842 Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Köln wakati huo, akaweka jiwe la msingi la awamu mpya. Kwa hiyo mbele ya chapa kama hii jiulize: kipi kilikuwepo, kipi kimetoka kwenye ngozi ile, na kipi kimekisiwa?

Dhana: Nikisimama mbele ya kanisa nitaliona hivyo hivyo.

Itategemea aina ya mchoro. Mchoro wa uso wa jengo hauna umbali: kilele cha juu kabisa hupimwa kwa skeli (uwiano wa mchoro na jengo) ile ile ya mlango. Ukiwa chini uwanjani, kilele hicho hunywea. Wapo wanaolinganisha chapa na picha ya simu, wakasema mchoraji amekosea. Hajakosea, amempa mjenzi vipimo.

Dhana: Watu waliochorwa chini wanatosha kukadiria kimo.

Wachoraji wengi waliwapunguza watu ili kanisa lizidi kutisha. Tumia mstari wa skeli, ule wenye alama za futi, lakini uangalie ni futi ya wapi. Futi ya Prussia ilikuwa takriban sentimita 31.4, ya Paris 32.5. Katika futi 100 utakuwa umepotea zaidi ya mita moja.

Dhana: Jina lililo chini ni la mchoraji.

Mara nyingi majina ni mawili. La kushoto, lenye "del.", ni la aliyechora, la kulia, lenye "sculp.", ni la aliyechonga bamba la shaba au la chuma. Huyu wa pili aliweza kumaliza kazi yake bila kulitia kanisa lenyewe machoni.

Dhana: Rangi ni za tangu mwanzo.

Chapa nyingi za aina hii zilitoka kwa wino mweusi peke yake. Rangi ilipakwa kwa brashi, pengine miongo mingi baadaye. Weka lenzi pale anga inapokutana na jiwe: rangi iliyopakwa kwa mkono huvuka mstari hapa na pale. Halafu iinamishe karatasi dirishani, upapase pembeni mwa picha. Kama ukingo haujakatwa, kidole kitakutana na bonde jembamba lililoachwa na bamba lilipogandamizwa.

Kwa chapa ya Köln ya kabla ya 1868, mimi hutafuta winchi kwanza. Ikiwepo juu ya mnara wa kusini, najua mchoraji amechora alichokiona. Isipokuwepo, na minara yote miwili ikawa kamili, nahamisha macho chini kwenye maandishi, kutafuta ni mpango wa nani alioufuata.