Jani la Mahindi Likikukwaruza Jicho

Wakati wa mavuno, kliniki za macho hupokea watu wenye maelezo yanayofanana: "Daktari, jani la mahindi lilinipiga jichoni." Siku ileile jicho liliwasha tu, mtu akanawa na kuendelea kuvuna. Siku kadhaa baadaye, pengine wiki nzima, jicho ni jekundu, linauma, linatiririka machozi na haliutaki mwanga. Juu ya weusi wa jicho kuna doa la kijivu.

Jani lilichubua konea, ile ngozi angavu iliyofunika mboni, likapenyeza fangasi. Hao ni fangasi wa udongoni na wa mimea iliyooza, jamaa wa wale wanaoleta sumukuvu kwenye mahindi.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kinachofanyika kabla mgonjwa hajatufikia. Anauziwa dukani matone ya deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, yaliyochanganywa na antibayotiki. Kesho yake wekundu umepungua, naye anaamini anapona. Kumbe steroidi imezima uvimbe pamoja na kinga ya jicho, na antibayotiki haiui fangasi. Wengine hufika usaha umeshatuama nyuma ya konea, kama maziwa yaliyobaki chini ya glasi. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani ambayo wengine hutia jichoni nayo huweza kuongeza vijidudu kwenye kidonda.

Kidonda cha fangasi mara nyingi kina kingo zenye nyuzinyuzi na vidoa vidogo pembeni, ila hata daktari mzoefu anaweza kukosea akitegemea macho tu. Ndiyo maana tunakwangua. Tunatia ganzi ya matone, kisha kwa ncha ya sindano au kisu kidogo tunachukua chembe kutoka ukingoni mwa kidonda. Maabara huidondoshea potasiamu haidroksaidi, seli zinayeyuka, na nyuzi za fangasi zinabaki zikionekana kwenye hadubini. Jibu hilo huweza kupatikana siku hiyohiyo. Kuotesha sampuli huchukua siku nyingi zaidi.

Dawa tunayoanza nayo ni natamisini ya asilimia 5, matone ya kuua fangasi. Katika utafiti mkubwa uliofanyika India na kuchapishwa 2013, iliishinda vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Hutiwa kila saa mwanzoni, hata usiku, na matibabu huendelea kwa wiki kadhaa. Tikisa chupa kila mara, kwa sababu dawa hutuama chini. Ukiona utando mweupe umeganda juu ya kidonda, huenda ni dawa, si usaha; usiukwangue.

Fangasi akizama ndani sana, matone hayamfikii vizuri. Hapo huzungumziwa upasuaji, hata kupandikizwa konea, na jicho likipona huweza kubaki na chamba, yaani kovu jeupe linalozuia kuona. Kwa hiyo jicho lililochubuliwa na jani likiendelea kuuma kesho yake, nenda kwenye huduma ya macho, na ile chupa uliyouziwa dukani uje nayo tuione.